Zilizozuiwa Huenda Wapi

Homa Bay,
Ijumaa, 19 Machi 1999

Mwalimu Nyasuguta mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mwalimu mwenzangu aliyepita Migori mwezi jana aliniambia umestaafu, unalima maharagwe, na kwamba mguu unakusumbua lakini ulimi haujambo. Nilicheka peke yangu. Sisi hatukuogopa ulimi wako. Tuliogopa wembe. Ndilo jina tulilokupa, Wembe, na nadhani ulilijua. Kila Jumatano alasiri ulikaa kwenye kile chumba kidogo kando ya ofisi, ukipasua bahasha zetu upande wa juu, ukisoma, ukigonga muhuri mwekundu, kisha ukatuletea barua zimebanwa kwa pini. Kwa miaka minne ulisoma kila nilichoandika na kila nilichoandikiwa. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kusema hivyo juu yangu. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nafundisha hesabu katika shule ya wasichana hapa, huu ni mwaka wa pili. Mwezi Januari wahisani wa Uholanzi walituletea kompyuta nane. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu mdogo kuliko wote, na niliwahi kugusa kompyuta chuoni, Mkuu alinikabidhi ufunguo wa chumba. Kompyuta moja imeunganishwa na waya wa simu ya ofisi. Wasichana huandika barua zao katika wiki, kila mmoja chini ya jina lake, na Ijumaa saa tisa mimi huamuru mashine ipige simu. Inalia kama mbuzi anayegombana na redio, halafu barua zote zinaondoka kwa pamoja na zilizokuja zinaingia. Dakika kumi na tano, basi, laini inarudishwa ofisini. Msichana anaandika Homa Bay na kaka yake anasoma Nairobi jioni hiyo hiyo.

Sasa halmashauri ya shule imeingiwa na hofu. Mwenyekiti alituambia mkutanoni, "Tumeizungushia shule yote waya wa miiba, halafu wenyewe tunatoboa tundu ukutani." Wanataka niwe nasoma kila kitu, kinachotoka na kinachoingia. Niwe wewe.

Siwezi, Mwalimu, na nitakueleza sababu ingawa naona haya. Nilipofika Kidato cha Pili nilikuwa nimeanza kuandika barua ambazo zingekupendeza wewe. Nilipofika Kidato cha Nne sikujua tena kuandika za namna nyingine. Hata shajara yangu ilikuwa na adabu. Sitaki kumfanyia hivyo mtoto wa mtu.

Lakini nataka kujua: ulikuwa unatafuta nini humo?

Naomba pia unisamehe kwa kugusa jambo la zamani. Unakumbuka mama yangu alifariki nikiwa katikati ya mtihani wa Kidato cha Nne, nikafika nyumbani nikakuta kaburi. Dada yangu Pauline, aliye Rongo sasa, bado anashikilia kwamba aliniandikia niende. Nilimwita mwongo mbele ya wajomba, na tangu siku hiyo hatuzungumzi. Kama barua hiyo ingekuwepo ingepita mikononi mwako, nawe ungeniambia. Hilo ndilo lililonifanya nisimwamini.

Mwanafunzi wako,
Filister

N.B. Utaona sikuitia gundi bahasha hii. Nimeingiza tu kifuniko ndani, kama ulivyotufundisha. Karani wa posta hapa hunicheka kila mara, lakini mkono umekataa kujifunza.


Migori,
2 Aprili 1999

Filister mwanangu,

Barua yako imefika na karani wa posta wa huku pia amecheka.

Jina la Wembe nililijua. Wala halikuwa la kwanza, maana kundi lililowatangulia waliniita Panga. Nikaona nimepandishwa cheo.

Unauliza nilitafuta nini. Nilitumwa kutafuta wavulana. Wavulana walikuwa rahisi kuwaona. Kijana anayejifanya shangazi wa mtu hawezi kumaliza ukurasa bila kusema ameota juu yako, na shangazi hawaoti hivyo. Hao niliwarudisha walikotoka na sikupoteza usingizi. Lakini ukisoma barua mia mbili kwa wiki unakuta na vitu ambavyo hukutumwa. Mtoto ambaye baba yake amekuja na mke mwingine. Mtoto anayemwandikia nyanya yake kwamba kila kitu ni kizuri, na wewe ulimwona jana akilia kwenye tangi la maji. Ukishasoma, Filister, umebeba. Huwezi kusema hukujua. Kuna walimu walionionea wivu kwa kazi ile, na mimi ningewapa bure.

Kwa hiyo sikuambii usome na sikuambii usisome. Nakuambia uchague jambo moja ulifanye mwenyewe. Usimpe kazi hiyo mtu asiye na macho.

Maharagwe yameota vizuri mwaka huu, ila ng'ombe wa jirani wamejua njia.

Nyasuguta


Homa Bay,
24 Mei 1999

Mwalimu mpendwa,

Nimeshinda, na nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Fundi alikuja kutoka Kisumu akaweka programu ya kuchuja. Ni hivi: unaipa orodha ya maneno, na barua yoyote yenye neno mojawapo haitoki, wala inayokuja nalo haimfikii msichana. Nyingine zote zinapita bila kuguswa na mtu. Halmashauri imepata ulinzi wake na mimi nimepata nilichotaka: hakuna jicho la binadamu litakalosoma barua za wasichana hawa. Nilisimama kwenye paredi Jumatatu iliyopita nikawaahidi kwa maneno hayo hayo. Mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Hata Mwalimu wa zamu?" Nikasema hata Mwalimu wa zamu. Walipiga makofi, Mwalimu. Mimi sijawahi kupigiwa makofi kwa lolote.

Ungeiona siku tuliyotengeneza orodha ungecheka. Kila mwalimu alipewa karatasi aandike maneno machafu anayoyajua. Chumba cha walimu kilikuwa kimya kama wakati wa mtihani, kila mtu amefunika karatasi yake kwa mkono. Mwalimu wa dini alileta maneno arobaini na mawili, kwa lugha tatu. "Nimesoma sana," alisema, na hakuna aliyeweza kumtazama. Mwenyekiti alikuja na yake mwenyewe. La mwisho kwenye karatasi yake lilikuwa *ukimwi*. Nilimuuliza, hilo nalo? Akasema, "Binti, hii ni shule, si hospitali. Mtoto akianza kuandika hilo neno hapa, wazazi watasema tumelileta sisi." Sikutaka kugombana naye kwa neno moja wakati nilikuwa karibu kupata jambo kubwa. Nililiandika. Lilikuwa la mia na kumi na nane.

Mkuu ameagiza orodha iwe siri, na msichana asiambiwe barua yake ikizuiwa. Anasema wakijua maneno watatafuta njia ya kuyazunguka. Nilikubali hilo pia.

Najua ulisema nisimpe kazi mtu asiye na macho. Lakini nadhani hapo ndipo wema wake ulipo. Mashine haimfikirii mtu vibaya. Haibebi kitu.

Filister


Migori,
8 Juni 1999

Filister mwanangu,

Hongera kwa makofi.

Swali moja tu, maana mguu umevimba na siwezi kukaa mezani kwa muda. Mimi nilikuwa na droo. Zilizozuiwa zilikwenda kwenye droo na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Hiyo mashine yako, barua inazozikataa huenda wapi? Lazima kuna droo mahali fulani. Nani ana ufunguo?

Nyasuguta


Homa Bay,
Ijumaa, 9 Julai 1999

Mwalimu mpendwa,

Pole kwa mguu. Uloweke kwenye maji ya chumvi, ingawa najua hutanisikiliza.

Droo ipo. Iko ndani ya mashine, na ufunguo, yaani neno la siri, ninao mimi. Sijaifungua hata mara moja. Nimeona namba inaongezeka pembeni ya kioo cha kompyuta kila Ijumaa, ishirini, thelathini na moja, na nimeiacha. Huenda hutaelewa, lakini najivunia hilo kuliko digrii yangu. Niliahidi jicho la binadamu halitasoma. Kama ningefungua zile zilizozuiwa tu, ningekuwa nimesoma zile wanazozionea haya zaidi.

Leo nina huzuni kidogo na si kwa ajili yangu. Kuna msichana wa Kidato cha Tatu, Kezia, kutoka upande wa Sori. Ni mwembamba, haongei, hesabu zake zimenyooka kama mstari wa rula. Ana kaka, Jeremiah, karani katika ofisi moja Nairobi yenye barua pepe. Mwanzoni waliandikiana vizuri, kila Ijumaa alitoka na karatasi mkononi anatabasamu. Tangu mwisho wa Mei kaka amenyamaza. Kezia anaandika kila wiki, kompyuta namba tatu, anaandika haraka kama anayekimbizwa na mvua. Na kila Ijumaa ananiuliza mlangoni, "Mwalimu, imenijia?" Namwambia bado. "Lakini yangu ilienda?" Namwambia ilienda, kwa sababu mashine huandika *imepokelewa* kwa kila barua.

Leo alisimama muda mrefu. Nilimwambia kitu ambacho ningetamani mtu angeniambia mimi nikiwa wa umri wake. Nilimwambia, "Kezia, ndugu huwa wanabadilika wakifika mbali. Si kosa lako. Usimpigie mtu hodi mpaka ukachubuka mkono." Akaniuliza, "Hata kama ni kaka wa tumbo moja?" Nikasema hasa huyo. Nilikuwa namfikiria Pauline.

Alisema ahsante, akarudisha kiti chake vizuri chini ya meza, akaondoka.

Filister


Homa Bay,
Jumatatu, 20 Septemba 1999

Mwalimu,

Hukujibu ya Julai. Natumaini ni mguu tu.

Yule Kezia niliyekuandikia amerudi leo, wiki mbili baada ya wenzake. Amenyolewa kipara, kama wanavyonyolewa wafiwa kwao. Ni mama yake. Alifariki mwanzoni mwa Agosti, likizo ikianza.

Alikuja chumba cha kompyuta saa nne, wakati wa mapumziko, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mwalimu, naomba unifutie jina langu kwenye mashine."

Nilimwambia pole. Nikamuuliza kama kaka yake alifika kwenye mazishi.

"Alifika. Alikuja kusimama karibu nami wakati wa kutupa udongo. Nikaenda upande wa pili wa kaburi." Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kusoma jibu la hesabu, "Wewe uliniambia nisipige hodi. Ulisema kweli."

Sijafuta jina. Nimekaa mbele ya kioo tangu alipoondoka. Ile namba ya pembeni imefika hamsini na saba. Nakumbuka swali lako.

F.


Homa Bay,
Jumamosi, 25 Septemba 1999

Mwalimu Nyasuguta,

Niliifungua.

Nitakueleza kwa utaratibu, kwa sababu nisipofanya hivyo nitakueleza vibaya. Zilikuwa barua hamsini na saba. Mbili, labda tatu, zingemshtua mwenyekiti. Moja ni ya msichana aliyenakili mistari ya nabii Hosea, ile ya mke kahaba, kwa ajili ya kwaya ya kanisa lao. Neno la mwalimu wa dini lilimnasa nabii. Moja ni ya anayemuuliza dada yake muuguzi kwa nini matiti yanamuuma anapokaribia siku zake. Dada hajawahi kuipata. Nyingine za hivyo, nyingi.

Saba ni za Kezia.

Ya kwanza ni ya tarehe ishirini na nane Mei. Ameandika Kiluo chote. Neno moja tu ameliandika kwa Kiswahili, kama daktari alivyolitamka mbele yao alipokuwa nyumbani kwa ruhusa. Anamwambia kaka yake kwamba mama amepimwa na ni ukimwi, kwamba baba mdogo amekataa, anasema ni chira, kuna mwiko ulivunjwa nyumbani na ndiyo maana mwili unaisha, na hataki mama arudishwe hospitali. Kwamba mama haombi kitu kingine ila Jeremiah aje. "Nakuandikia hapa kwa sababu zile za posta naibu wa Mkuu anazisoma, lakini hizi mwalimu ameapa hakuna mtu atakayeziona."

Kwenye zile sita zilizofuata hakulitaja tena neno hilo. Zingepita zote. Lakini yeye ni mtoto wa utaratibu, Mwalimu. Kila mara alinakili barua ya kwanza chini ya ile mpya, ili kaka yake asipotewe na habari. Kwa hiyo neno lilimfuata kila Ijumaa, chini ya kila alichoandika. Ya mwisho, ya tarehe tisa Julai, juu ina mstari mmoja tu: "Anauliza kama umeshafika Kisumu."

Hiyo ndiyo siku niliyomwambia asipige hodi.

Sijamaliza. Kuna moja ambayo haikuwa inatoka, ilikuwa inaingia. Ni ya Jeremiah, tarehe mbili Julai. "Kezia, mbona umenyamaza? Baba mdogo ameniandikia kuwa mama ana malaria, lakini mtu wa Sori niliyekutana naye hapa amenong'ona kwamba ni ukimwi. Niambie ukweli wewe. Ukisema ndiyo, naomba ruhusa kazini siku hiyo hiyo."

Kwa hiyo waliulizana, na kujibiana, na kila kitu kilikuwa chumba kimoja na mimi, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake nikijisifu kwamba sisomi. Nimefikiria sana juu ya orodha ile. Nilidhani ni ya mwenyekiti. Lakini baba mdogo naye alikuwa nayo, na wazee wa Sori, na pengine hata mama wa Kezia mpaka siku ile ya daktari. Neno ambalo kijiji kizima hakilitamki, mimi nililiandika kwenye mashine lisitamkike na hapa.

Nilimwambia Mkuu jana. Si mtu mbaya. Alivua miwani, akasema, "Mtoto ameshazika. Mtihani wa mwisho wa mwaka uko mwezi ujao, na mwakani ana Kidato cha Nne. Ukimwambia sasa utamvunja. Hasira dhidi ya kaka itapoa yenyewe. Mwache amalize masomo."

Nusu yangu inamsikiliza. Na kuna nusu nyingine ndogo, ya aibu, inayofurahi kusikilizwa hivyo, maana nikinyamaza hatajua kamwe kwamba ni mimi. Wewe ulishika kazi hii miaka kumi na tisa. Niambie nifanye nini.

Filister


Migori,
5 Oktoba 1999

Filister,

Mwambie. Mwambie kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, kisha urudi umalizie.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ya bluu, imepasuliwa upande wa juu kwa wembe. Haina muhuri mwekundu. Zenye muhuri niliwapa. Zisizo na muhuri zilibaki kwenye droo. Mwandiko utaujua.

Ilifika Jumatano, tarehe kumi na sita Oktoba 1991, siku tano kabla ya karatasi yako ya kwanza. Niliisoma. Mama yako alikuwa mgonjwa na Pauline alikuwa anakuita. Nilijiambia, mgonjwa hupona, lakini mtihani haurudi. Ulikuwa mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha na nilitaka ufike chuo kikuu kama mtu anavyotaka maji. Nikaiweka droo niangalie siku mbili tatu. Kisha mjomba wako alikuja getini na habari ya kifo, na Mkuu wetu wa wakati ule akamwomba akuache umalize. Baada ya hapo, kukupa barua ilikuwa ni kukupa na maelezo. Sikuwa na maelezo, kwa hiyo sikukupa vyote viwili.

Ulipoingia chuo nilijiambia nilifanya sawa. Nimejiambia hivyo kila mwaka. Mtu aliyefanya sawa hahitaji kujikumbusha.

Mwezi Machi uliniandikia kwamba hukumwamini dada yako kwa sababu yangu. Nilikaa na sentensi hiyo wiki mbili. Halafu nikakujibu habari za maharagwe. Julai uliniandikia ulichomwambia yule mtoto kuhusu ndugu, na uliposema ulikuwa unamfikiria Pauline sikuweza kuandika tena. Haukuwa mguu.

Mkuu wako anasema asubiri mtihani uishe. Mimi nilisubiri mtihani uishe. Siku inayofuata ni ngumu kidogo kuliko ya jana, na inayofuata hiyo ni ngumu zaidi, na mwisho unajikuta mzee mwenye droo.

Nilikuambia ukishasoma umebeba. Nilikuambia hivyo nikijua, na nilikuwa nakuficha nilichobeba.

Sikuombi kitu.

Nyasuguta


Homa Bay,
Jumatatu, 1 Novemba 1999

Mwalimu Nyasuguta,

Barua yako ilinifikia Jumanne. Nilifanya ulivyosema: nilisoma mstari wa kwanza nikaikunja, nikaenda kumwita Kezia. Kwa hiyo nilipokuwa nikimweleza sikuwa najua bado yangu. Nimefurahi kwamba ilikuwa hivyo. Kama ningejua, ningejihurumia mbele yake.

Nilikuwa nimezichapa zote kwenye karatasi. Nilimkalisha kwenye kompyuta namba tatu nikamwambia: barua zako hazikwenda. Nikamwambia neno lililozizuia, na nani aliyeliandika, na kwamba nilikuwa na ufunguo wakati wote. Alisoma zake kwa haraka, kama mtu anayehakiki mwandiko. Alipofika ya Jeremiah alisimama. Aliirudia. Kisha akaweka kidole chini ya mstari mmoja, kama wafanyavyo watoto wanaojifunza kusoma.

"Kumbe alikuwa anauliza."

"Alikuwa anauliza."

"Tarehe mbili Julai." Alihesabu kwa vidole. "Mama alikuwa bado anakula tarehe mbili."

Nilimwachia zile karatasi zote.

Baadaye akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini uliahidi hutasoma, kama kulikuwa na kitu kingine kinachosoma?" Nilimjibu ukweli: nilitaka mnipende. "Ungeuliza tu," akasema, "tungekuambia ni barua gani za kusoma na zipi za kuacha. Sisi tunajua." Na nadhani, Mwalimu, katika mikutano yetu yote na karatasi zetu zilizofunikwa kwa mikono, hilo ndilo jambo ambalo halikutujia.

Hakulia mbele yangu. Aliomba aandike, nikatoka nje nikasimama kwenye jua. Ilikuwa Jumanne, si siku yetu, lakini nilimwendea Mkuu nikamwomba laini kwa dakika tano. Alinipa bila kuuliza. Barua moja ilitoka. Safari hii nilihesabu.

Alhamisi nilizungumza kwenye paredi. Niliwaambia droo ipo na ina nini. Nimefuta neno la mia na kumi na nane, na mengine mengi, na yaliyobaki nimeyabandika ukutani. Mwenyekiti alikuja juu. "Unawafundisha matusi kwa maandishi makubwa." Wasichana walijazana mbele ya ile karatasi wakisoma kwa sauti na kuangua kicheko, na mmoja akauliza kama lile la ishirini na nne ni samaki au ni nini. Tangu sasa barua ikizuiwa, mwenyewe anaambiwa siku hiyo, na anaamua: aibadilishe, au aje tuisome pamoja. Halmashauri itakutana tarehe kumi na mbili kuamua kama naendelea kushika ufunguo. Huenda wakaninyang'anya. Hawatakosea sana.

Jumamosi nilikwenda Rongo. Pauline ana cherehani kwenye kibaraza karibu na soko, anashona sare za shule. Hakuinua kichwa. Niliiweka bahasha ya bluu juu ya kitambaa alichokuwa akishona. Aliutazama mwandiko wake wa miaka minane iliyopita, akaitoa barua, akaisoma yote, mbele na nyuma.

"Niliandika *njoo* mara nne," alisema.

"Ndiyo."

"Uliniita mwongo mbele ya wajomba."

"Ndiyo."

Alivuta kitambaa akaendelea kushona ukingo mpaka ulipokwisha, akakata uzi kwa meno. Kisha akainua mguu kutoka kwenye cherehani, akasukuma kiti cha wateja kwa kisigino mpaka kikanifikia. Hakusema nikae. Nilikaa.

Mama alikuwa akiniulizia kila jioni. Sasa najua. Alitaka kujua kama nimepata sweta jipya, kwa sababu la zamani lilikuwa limechanika kiwiko. Hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Wewe ulilijua miaka minane.

Sijui kama nimekusamehe. Ulinifikisha chuo kikuu, nami nimekuwa nikikushukuru katika kila barua, na sijui nizifanye nini shukrani hizo sasa. Uliniambia ukweli wakati ambapo ungeweza kufa nao, na bila hilo ningemsikiliza Mkuu. Hilo pia najua. Yote mawili yako mezani na sijayapanga. Usiniandikie kwa sasa. Nitakuandikia mimi nikiweza.

Endelea na maji ya chumvi.

Filister

N.B. Nimenunua gundi. Bahasha hii nimeifunga pande zote, na kwa mara ya kwanza itakubidi uichane.